Sheria Kumi na Moja za Ploti Yangu ya Ruiru

Mwanangu, iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani, na Mungu amenijalia siku nyingi tangu hapo. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Ruiru na manyunyu yake, nami kijana wa miaka thelathini na moja ambaye baba yake alikuwa amemwachia ploti ya vyumba kumi vya kupangisha. Nilikuwa getini nikibandika karatasi ya sheria za wapangaji.

Sheria zenyewe sikuzitunga. Nilizinakili kutoka kwa rafiki yangu mwenye nyumba kule Kahawa Wendani. Yeye alipangisha wanafunzi, watu wa kula chipsi na kuchemsha chai kwa gesi. Wangu walikuwa watu wa viwandani, waliopika kwa makaa kila siku ya Mungu. Tofauti hiyo sikuiwaza hata kidogo. Nilichowaza ni kuta zangu, ambazo nilikuwa nimetoka kuzipaka rangi ya krimu. Nilizipenda kuta zile, Mungu anisamehe, kama mtu anavyompenda kifungua mimba wake. Sheria ya saba ilisema ni marufuku kuwasha jiko la makaa kwenye korido au uani.

Nafula wa chumba namba sita alisimama kuisoma. Alikuwa mama wa watu kutoka Webuye, akifanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha nguo, mtoto wake akilelewa na nyanya nyumbani. Alikuwa mcheshi, na wenzake waliokuwa wakianika nguo walimtegea masikio.

"Landilodi, hii namba saba. Si korido, si uani. Tupikie wapi, kwa kichwa?"

Nikamwambia wanunue gesi.

"Utatununulia? Huu ukuta wako unadekezwa kuliko mtu."

Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka. Kijana akichekwa mbele ya watu wake huona lazima ashinde, nami nikamjibu, "Mama, ukitaka kuchafua ukuta, jenga wako."

Kicheko kikakatika. "Sawa, landilodi," akasema. "Umesema."

Kinachoniumiza mpaka leo ni kwamba alitii. Kwa wiki mbili sikuona jiko kwenye korido wala uani, nikajisifu moyoni kwamba ploti yangu sasa ina nidhamu. Sikujiuliza chakula kilikuwa kinaivia wapi. Kuhusu ndani ya vyumba karatasi yangu haikusema neno.

Alhamisi moja, saa sita mchana, jirani yake wa namba tano alinipigia simu. Alisikia harufu ya maharagwe yanayoungua, akagonga mlango wa Nafula, kimya. Nilikuja na mtaimbo, tukauvunja mlango. Asubuhi ile Nafula alikuwa ametoka kazini ameloa, akabandika maharagwe kwenye jiko katikati ya chumba, akaziba dirisha kwa leso kwa sababu ya baridi, akajilaza kidogo wakati yakichemka. Hewa ya sumu ya makaa haimpigii mtu kelele. Tulimkuta bado amevaa aproni ya kazi. Maharagwe yalikuwa yameshikana na sufuria, makaa yamekuwa majivu. Nilitoka nje nikaegemea ukuta, na ukuta ulikuwa safi.

Polisi waliandika kwamba ni ajali. Majirani wakasema ni mapenzi ya Mungu, nami nikaitikia amina pamoja nao. Maneno hayo nayaamini, lakini siku ile nilijificha nyuma yake.

Siku ya tatu mama yake alifika. Alikaa uani kwenye kiti cha plastiki, vyombo vya binti yake vikifungwa, akingoja gari la kumpeleka mochari kule Thika. Aliniita, akaniuliza kwa upole, "Baba, kwa nini alipikia ndani? Kwetu hata mtoto mdogo anajua jiko ni la nje."

Nikamjibu, "Kulikuwa na baridi, mama."

Ilikuwa kweli, na nilisema ile kweli ili nisiseme nyingine.

Mzee Gathogo, aliyenifundisha katekisimu nikiwa mdogo, alikuwa amekuja na watu wa kanisa kutoa pole. Alipoingia alikuwa ameisoma karatasi getini. Aliposikia jibu langu akanishika mkono, akanirudisha pale, akaniambia nisome kwa sauti, na kila sheria niseme inamlinda nani. Ya kwanza inalinda geti langu. Ya pili tangi langu. Ya tatu, jina langu kwa majirani. Nilipofika ya saba nikasema, kuta zangu.

"Sheria kumi na moja," akasema, "na hakuna hata moja inayojali kama mpangaji ataamka. Nenda kwa yule mama. Nitasimama nawe, lakini mdomo utakuwa wako."

Nilipiga magoti mbele ya kile kiti. Nilimwambia nilikataza nini, na nilichojibu binti yake aliponiuliza atapikia wapi.

Kisha akasema, "Kwa hiyo aliuliza."

"Ndiyo, mama."

"Aliuliza, na hayo ndiyo ukamjibu."

Hakunilaani, wala hakunisamehe nikisikia. Gari lilifika, akaingia. Sikumwona tena.

Ninamshukuru Mungu kwamba hakuniacha nistarehe. Nilijenga banda la kupikia uani, nikatoboa matundu ya hewa juu ya kila mlango. Hayo yalimfaa aliyekuja baadaye.

Mwanangu, ninyi siku hizi mnajenga maghorofa Ngoingwa na Kamakis, na mikataba mnaitoa kwenye simu, imeandikwa kwa ajili ya watu wengine kabisa. Tangu zamani Mungu alimwagiza anayejenga nyumba azungushe ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Basi kabla ya kuandika lolote kuhusu rangi na geti, fahamu watakaolala humo wanaishije. Kila unapokataza jambo, andika lifanyiwe wapi. Msomee mpangaji mkataba kabla hajatia sahihi, kisha nyamaza, umpe nafasi ya kuuliza. Akikuuliza, hata kama watu wanacheka, usimjibu ili umshinde. Huenda anakuuliza kuhusu uhai wake, na wewe hujui.

Mungu aliyenivumilia mimi akuvumilie na wewe. Akupe moyo unaosikia, na kila anayeingia mlangoni mwako kwa miguu yake, atoke kwa miguu yake. Amina.