Mbwa Waliolamba Gari Sibwesa

Nyie mnaosema mmeona maajabu, mmeshawahi kuona mbwa wanagombania kulamba gari?

Mimi nimeona. Kijiji cha Sibwesa, mchana kweupe, mwaka wa zile mvua za El Niño. Mbwa wamejaa chini ya pikapu, wanalamba vyuma kama wamepakuliwa mchuzi. Na mimi nimelala juu ya pikapu hiyo hiyo, uchungu wa kuzaa umenishika, hata nguvu ya kuwafukuza sina.

Ngoja niwaanzie mwanzo.

Naitwa Aneth. Wakati huo nilikuwa naishi Kapalamsenga, ziwani, na mume wangu Dionizi. Kazi yake ilikuwa kuuza mawese, madebe kwa madebe. Nyumba nzima ilinuka mawese, mpaka mashuka. Ukikaa humo mwaka mmoja, pua yako haisikii tena.

Mimba ile ilikuwa ya kwanza. Tuliingoja mpaka mawifi wakaanza kuulizia mahari yao.

Uchungu ulianza alfajiri, mvua imenyesha usiku kucha na baridi ni ya kutetemesha. Mama Verdiana, mkunga wetu, alinipapasa tumbo, halafu akanyamaza. Mkunga akinyamaza, wewe anza kusali.

"Mtoto ametanguliza makalio," akamwambia Dionizi. "Mimi hapa sina ujanja. Apelekwe hospitali Mpanda, sasa hivi."

Gari lilikuwa moja tu, pikapu ya tajiri wa samaki. Dereva wake aliitwa Ladislas, kijana wa kambi ya Warundi ya Mishamo. Mpole yule, lakini kwa habari ya gari lake alikuwa mbishi kuliko punda. Kabla ya safari lazima aingie uvunguni na bomba la grisi. Anapiga krosi za propela, vile viungo vya chuma kirefu kinachozungusha magurudumu, anapiga viungo vya usukani, kimoja baada ya kingine, mpaka grisi chafu itoke pembeni na mpya ionekane. Bila hivyo haondoki, hata uje na polisi.

Asubuhi ile akagoma.

"Jana limevuka mito, kaka. Maji yameingia kwenye krosi, grisi yote imeoshwa. Nikiondoka hivi, propela inakatika porini."

"Si upige grisi!" Dionizi akafoka.

"Grisi iko wapi? Reli imekatika, treni haiji. Mpanda nzima hata ya kupaka baiskeli hakuna."

Mimi nipo kwenye mkeka, nasikia yote. Nikapaza sauti: "Basi mwiteni kaka yangu Obadia! Boti yake ina injini. Anipeleke kwa masista, kule chini kandokando ya ziwa."

Masista hao walikuwa na zahanati, na mmoja wao alisifika kwa kuzalisha watoto waliokaa vibaya. Ziwa lilikuwa limechafuka, sikatai. Lakini Obadia alikuwa amezaliwa na maji.

Dionizi akatoka mbio. Nikajua amekwenda kwa Obadia.

Akarudi na kopo.

"Grisi imepatikana! Ya zamani, nyekundu, ilikuwa kwa mzee mmoja huko juu."

Ladislas akalifungua. Akachungulia ndani. Akamtazama Dionizi, akanitazama mimi, halafu akajaza bomba na kuingia uvunguni. Nilimsikia akilipiga, kwii, kwii. Niwaambie ukweli, niliisikia sauti hiyo nikafurahi. Mawimbi yalikuwa yananitisha. Kama gari lipo na grisi ipo, boti ya nini tena?

Wakanipandisha nyuma, juu ya godoro, Mama Verdiana ameshika kichwa changu. Dionizi akakaa mbele na dereva.

Tulienda vizuri mpaka jua lilipopanda. Hapo nikaanza kusikia harufu.

"Mama, nani anakaanga samaki huku porini?"

"Pumua, mwanangu. Pumua taratibu."

Kidogo usukani ukaanza kulia kama mlango mbovu. Kila kona, Ladislas anaukumbatia kwa mikono miwili. Halafu chini ya mgongo wangu kitu kikaanza kugonga. Ko! Ko! Ko! Kila kikigonga, na tumbo linakaza. Nikamwita Mungu kwa Kibende, nikamwita kwa Kiswahili.

Tulipoingia Sibwesa kikalia kishindo kimoja. Injini inanguruma, gari haliendi.

Na mbwa wakaja.

Ladislas akawatimua kwa mawe, akalala chini kuangalia. Alipotoka, mkono wake ulikuwa na mafuta mekundu mpaka kwenye kiwiko.

"Krosi imekatika. Ndani ni pakavu. Yote imeyeyuka, imemwagika njiani."

"Grisi inayeyukaje?" nikauliza. Ladislas akajifuta mkono kwenye suruali.

Watu wa Sibwesa, Mungu awabariki, walileta kitanda cha kamba wakanibeba hadi nyumbani kwa mama mmoja, Bernadetha. Dionizi alikimbia barabarani kutafuta gari lolote, hata trekta. Barabara ilikuwa tupu. Akarudi amelowa tope, akakaa mlangoni kama mtoto aliyepigwa.

Mama Verdiana alifanya kila alichojua.

Mtoto alizaliwa jua bado linawaka. Wa kiume, nywele tele. Hakulia. Nilingoja alie. Nilimwambia Mama Verdiana ampige tena kidogo, akampiga. Nikangoja.

Hakulia.

Dionizi aliingia akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nimemuua mimi," akasema. "Grisi sikupata, Aneth. Ile ilikuwa mawese. Kwa ile baridi yalikuwa yameganda, nikaona yanafanana. Nikayatia kwenye kopo la grisi. Kwa Obadia sikwenda, niliogopa ziwa."

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka mlangoni. Ladislas, kofia mkononi.

"Usilie peke yako, kaka. Mimi nilijua."

Dionizi akageuka.

"Nimekula mawese tangu tumbo la mama yangu, mnafikiri siyajui? Nilijua nilipofungua kopo. Lakini ulinitazama vile... na shemeji analia pale. Nikasema labda tutafika. Nikamwomba Mungu, nikapiga."

Nikamgeukia Mama Verdiana, nilie kifuani kwake. Akaangalia chini.

"Lile kopo lilikuwa langu, mwanangu. Grisi yake iliisha zamani, nilikuwa naweka chumvi. Nililiosha mwenyewe nikampa mumeo."

Kumbe wote walijua. Mume alijua, dereva alijua, mkunga alijua. Asiyejua alikuwa mmoja tu, yule aliyelazwa kwenye godoro.

Watu huniuliza kama nilimwacha Dionizi. Sikumwacha. Ningemwachaje mtu aliyekuwa anakufa kwa hofu kuliko mimi? Tulipata watoto wengine, na hawa mnaowaona ni wajukuu. Ladislas yule alikuja kuwa baba wa ubatizo wa binti yangu. Walinipenda wote watatu, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu mtu aliyekukosea kwa kukupenda huwezi hata kumtukana vizuri.

Lakini nina neno moja kwenu nyie mnaowauguza watu.

Wangeniambia tu: "Aneth, grisi hakuna, tuna mawese, tufanyeje?" Ningechagua boti. Pengine ziwa lingetumeza mimi na mwanangu. Pengine masista wangemtoa akilia. Sijui, na sitajua mpaka naingia kaburini. Ila ningekuwa nimechagua mwenyewe.

Mgonjwa kalala, hajafa. Mwambieni hali ilivyo, hata kama ni mbaya, halafu mwacheni aseme neno lake.

Mwanangu tulimzika Sibwesa siku ile ile, nyuma ya nyumba ya Bernadetha. Hata hapo wanaume walikaa pembeni wakajadiliana mahali pa kuchimba, wakachimba, wakamaliza, ndipo wakaja kuniambia.