Kadi za Kobol

Harufu ya karatasi nene iliyofungiwa ndani ya bati hunirudisha Jinja, kwenye kiwanda cha nguo ambako mama alikuwa akiandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo Kobol. Siku zile kila mstari ulitobolewa kwenye kadi yake, na programu moja ya kupanga zamu za wafanyakazi ilijaza sanduku zima.

Vita vilipokaribia, meneja alimwachisha kazi mbele ya watu. Alisema Kobol ni lugha ya wazee, inakufa, na mashine mpya zinakuja. Mama alijibu kwa adabu. Mimi, mtoto wa miaka tisa niliyeogopa hata bata, sikuwa na adabu hiyo. Mama aliponituma nirudishe sanduku la kadi ofisini, nilijificha nyuma ya choo cha kiwanda nikazichanganya kadi kama karata, mpaka vidole vikauma.

Tukahamia Mbale kwa bibi. Kiwanda kikafungwa. Nami nikafunga mdomo.

Bunduki ziliponyamaza, meneja alikuja amekonda, amebeba lile sanduku. Mashine mpya zote zilikuwa zimeporwa. Ile ya zamani, nzito kama ng'ombe, hakuna mporaji aliyeiweza. Lakini kadi zilikuwa vurugu tupu.

“Mama Zaituni, nisaidie. Bila hii kiwanda haifunguki.”

“Lugha ya wazee hii, bwana meneja,” mama akasema. “Inataka pole pole. Wewe keti tu.”

Akaketi siku tisa. Bibi alimpa karanga za kumenya, akamkosoa kwamba anazivunja. Mama alijifungia chumbani na sanduku, nami usiku nililia ndani ya blanketi, nikijua nimeua kazi yake. Siku ya tisa alitoka na kadi zimepangika, akarudishwa kazini kama mkuu wa chumba cha kompyuta.

Nilikiri nikiwa mtu mzima. Mama alicheka hadi akakohoa. Kumbe kila mwandishi wa kadi huchora kwa kalamu mstari wa mshazari kwenye kingo za kadi zikiwa rundo; zikichanganyika, unazipanga mpaka mstari uungane tena. Kazi ya mchana mmoja. Siku nane zilizobaki alikuwa akisuka mkeka.

Kobol bado inafanya kazi kwenye mabenki, na huenda ikatuzika wengi. Meneja imeshamzika. Miaka yote nilidhani mimi ndiye niliyelipiza kisasi. Mimi nilimletea mama mgeni tu; kisasi alikipika mwenyewe, kwa moto mdogo.