Mwendo wa Dakika Tisa

Ukiniuliza mume wangu anafananaje, nitaanza na mgongo. Tangu siku ya kwanza tulipotoka pamoja, yeye mbele mimi nyuma, na kila nikimwambia apunguze mwendo hujibu bila kugeuka, "Tumeshafika." Miaka kumi na sita ya ndoa, na mgongo ule naweza kuuchora nimefumba macho.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeajiriwa kuwapangia wenzake mahali pa kutembea. Ni afisa mipango miji. Kwa miaka mitatu alikuwa akiuchora upya mtaa wetu kuzunguka kituo kipya cha treni: njia pana za waenda kwa miguu, miti ya kivuli, nyumba na maduka karibu karibu, na mbele ya kituo uwanja wa wazi ambapo mtu anaweza kukaa tu bila kuulizwa anangoja nini. Ramani zilitanda meza yetu yote. Wali tulikuwa tunaulia juu ya barabara kuu.

Bosi wake, ambaye nyumbani tulimwita Mkuu, alitaka uwanja ule uwe maegesho ya magari. Hoja ya mume wangu ilikuwa moja: nyumba ya mwisho kabisa mtaani iko mwendo wa dakika tisa kutoka kituoni, sasa gari la nini? Hizo dakika tisa alizipima mwenyewe. Kwa miguu ile ile.

"Sawa," Mkuu akasema. "Jumanne tutatembea na mwananchi wa kawaida kutoka hiyo nyumba ya mwisho. Zikizidi kumi na tano, panakuwa maegesho."

Mume wangu alirudi nyumbani amenywea, maana nyumba ya mwisho ni ya mama yake.

Jumanne saa tatu asubuhi tulikuwa mlangoni kwa mama mkwe: mume wangu na ramani zake, Mkuu na saa yake, na mimi niliyeomba ruhusa kazini, kwa sababu kioja kama hicho hakisimuliwi, kinaonwa. Mkuu akamwambia dereva wake atangulie na gari akatungoje kituoni. Akabonyeza saa.

Mama mkwe akatoka. Akarudi kuangalia kama amefunga dirisha. Akatoka. Akarudi kuchukua mwavuli, ingawa wingu hata la dawa halikuwepo. Dakika sita, na bado tulikuwa uani.

Kwa fundi cherehani alisimama kuulizia gauni lake. Kwa muuza magazeti alisoma ukurasa wa mbele wote, akalirudisha gazeti na kushukuru. Halafu tukafika kwenye geti la jirani ambaye wamenuniana tangu ule ugomvi wa ukuta. Hapo nikadhani tutaokoa muda. Wapi. Mama mkwe alipunguza mwendo kabisa, akapita kidevu juu, ili jirani apate nafasi ya kutosha kuona kwamba hasalimiwi.

"Mama, tukaze mwendo kidogo," mume wangu alinong'ona, jasho likimtiririka.

"Kwani treni ni yako?"

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, ule ule wa ugomvi. Kisha nikamwona mume wangu akizikunja ramani zake taratibu, na kicheko kikanikauka. Miaka mitatu ya kazi ilikuwa inaishia kwenye geti la jirani. Niliumia kwa ajili yake, nakiri.

Tulifika kituoni kwa dakika arobaini na moja. Mkuu akaionyesha saa huku na huku kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Unaona, mama? Watu wa umri wako mnahitaji kuletwa na gari mpaka mlangoni. Ngoja dereva wangu akurudishe."

Tukaangaza macho. Dereva hayupo. Mkuu akapiga simu, akasikiliza, akakata. Foleni. Mama mkwe akaketi kwenye ukingo wa saruji, akafungua mwavuli wake, na hapo tukajua ulikuja kufanya nini. Jua lilikuwa kali. Baada ya dakika kumi na mbili gari likajitokeza, dereva kaloa jasho.

Mama mkwe akamtazama kwa huruma. "Pole, mwanangu. Na wewe ulikuwa unasalimia watu?"

Mkuu aliiweka saa mfukoni, akasogea kwenye kivuli cha mwavuli, akakaa. Hakuna aliyemuuliza anangoja nini. Hatimaye akamwambia mume wangu, "Hizo ramani, ongeza mabenchi."

Mabenchi yakawekwa kila mahali mama mkwe aliposimama siku ile, likiwemo moja nje ya geti la jirani. Mama mkwe hukaa pale kila siku, kalipa geti mgongo, asimsalimie mtu kwa raha zake.

Jioni njia mpya ilipofunguliwa, tuliipita mimi na mume wangu. Nilifika mpaka kwa muuza magazeti ndipo nikashtuka kwamba mgongo hauko mbele yangu. Alikuwa ubavuni, anatembea mwendo wa mama yake. Nikamgeukia, nikamtazama vizuri.

"Una mvi kwenye nyusi," nikamwambia.

"Tangu lini?"

"Nitajuaje? Nilikuwa nyuma."