Batri Niliyopima kwa Shingo

Mujukulu wangu ni muzalishaji wa bamama. Wa kwanza katika nyumba yetu kuvaa bluzi nyeupe ya hospitali, na sichoki kulisema. Sokoni bantu banakimbia wakiona nafungua kinywa. Kituo chake kiko milimani, mbele ya Fizi, na umeme haufiki. Taa yake na mashini ndogo ya kusikiliza moyo wa mutoto tumboni vilikuwa vinamuzimikia katikati ya kazi. Mara moja alizalisha mama na mwanga wa simu, ameiuma kwa meno. Aliponieleza hayo, nikauza mawese yangu yote, tukashuka pamoja mpaka Baraka, muji wa kando ya ziwa.

Dukani kulikuwa batri za kubeba za namna mbili, zile za kama sanduku, zinajazwa na jua. Kubwa na ndogo. Macho yangu yakaenda kwa kubwa. Niseme ukweli: nilitaka kijiji kizima kiione.

"Hiyo inaendesha hata frigo ya kupoza vinywaji," akasema mwenye duka. "Ni ya nani, mama?"

"Ya mujukulu. Eko docteur."

"Koko," mujukulu akasema, ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "mi si docteur."

"Nyamaza, utakuwa. Ile kubwa utaibeba?"

Akainamisha kichwa. "Mvua ikinyesha bamotari na pikipiki zao banakataa kupanda. Bamama benye hawawezi kushuka, naendaka kwao kwa miguu."

Basi nikatoa mukanda wangu wa kuni, nikafunga ile kubwa mugongoni, mukanda kwenye paji la uso, kama tunavyobeba mihogo.

"Mama, nguvu yake imeandikwa kwenye karatasi!" mwenye duka akapiga kelele.

"Na mulima bameuandika wapi?"

Nikatembea mpaka ziwani na kurudi. Njia ni tambarare, lakini shingo ililia na magoti yakanitukana. Nikaitua. Nikafunga ndogo, nikaenda tena, nikarudi nacheza. Bamama ba samaki bakapiga vigelegele.

"Haiwezi frigo," mwenye duka akanionya. "Taa na hiyo mashini, siku mbili inaweza."

"Frigo sina, koko," mujukulu akasema.

Tukachukua ndogo. Kijiji hakikushangaa, na kiburi changu kilinuna siku mbili. Halafu mvua ikakata barabara, na mama mumoja akashikwa na uchungu juu kabisa. Mujukulu akapanda, batri mugongoni kwa mukanda wangu. Moyo wa mutoto aliusikia mpaka mwisho, taa inawaka, mikono yake yote miwili huru. Mutoto musichana, analia kwa nguvu.

Namushukuru Mungu, nashukuru mawese, nashukuru na hii shingo yangu ya kizee. Mukanda tu ndio mujukulu hajaurudisha. Kuni nafunga na kitambaa.