Nilipin kurasa za RAM bila kuitaarifu kernel, nusura mzee wa watu atobolewe kifua

Wakuu, heshima mbele. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Sumbawanga, sijasimuliwa, na sitajipamba.

Mimi ni fundi kompyuta. Kuna kituo cha afya cha binafsi, jina nalihifadhi, kilikuwa na mashine ya eksirei na kompyuta yenye RAM kiduchu. Kusevu picha moja ilikuwa shughuli. Wagonjwa wa vijiji vya mbali, Mwimbi na Mwazye, wanawahi gari la kurudi, foleni ikawa lawama tupu.

Nikajifanya mjuaji. Nikaandika driver, programu inayoendesha kadi inayopokea picha za eksirei, ili kadi imwage picha moja kwa moja kwenye kurasa za RAM (vipande vidogo vya kumbukumbu) zilizounganishwa na faili. Kurasa hizo nikazipin, yaani kernel, kiini cha mfumo wa kompyuta, isiziondoe mpaka kadi imalize. Mafaili nilitengeneza machache, yakiisha narudia la kwanza, picha mpya inakaa juu ya ya zamani.

Speed ikawa balaa. Nikasifiwa, kichwa kikavimba.

Sasa hapa ndipo nilipochemka. Programu ya kawaida ikibadilisha ukurasa, kernel inajua, inauwekea alama, na file system, inayotunza mafaili, inauandika kwenye disk. Kadi inapita mlango wa nyuma. Inaandika kwenye RAM, kernel haina habari.

Driver ndiyo inatakiwa kutoa taarifa kabla ya kuuachia ukurasa. Mimi hiyo sikuiweka.

Kwenye skrini picha inaonekana safi kwa sababu bado iko RAM. RAM ikibanwa, kernel inatupa ukurasa ikiamini disk ina nakala sahihi. Ukifungua tena, ukurasa huo unasoma picha ya zamani iliyobahatika kufika disk, na kurasa zilizobaki RAM zinasoma mpya.

Asubuhi moja kaletwa mzee mfugaji, Msukuma, kapigwa teke na ng'ombe, anapumua kwa tabu. Skola, dada anayepiga eksirei, akampiga picha. Baadaye daktari akafungua faili, akaona maji kuzunguka pafu la kulia. Akaagiza kifua kitobolewe, maji yatolewe.

Skola akaniita pembeni. "Fundi, hii siyo niliyoiona mimi. Pafu lilikuwa safi."

"Dada, kompyuta haibadilishi picha. Labda hukuangalia vizuri."

Ndivyo nilivyomjibu, wakuu. Naona aibu hadi leo.

Hakubishana. Akaweka kidole kwenye skrini. Katikati ya kifua palikuwa na msalaba mdogo wa chuma, na juu yake mnyororo umekatika ghafla, mstari umenyooka kama umekatwa kwa rula.

Hapo nikashtukia kwamba nusu ya chini ni picha ya mtu mwingine. Nikakimbilia chumba cha pili. Mzee kashavuliwa shati, ubavu umeshapakwa dawa, daktari kavaa glovu.

"Shikamoo mzee. Ulikuja umevaa rozari?"

"Marahaba. Sijawahi kuvaa hiyo, mwanangu."

"Dokta, naomba usimame kwanza. Hicho kipande cha picha siyo chake."

Alinitazama kwa hasira kweli. Skola akaingia, akasema anaukumbuka msalaba ule. Ni wa mama mmoja wa Mwazye, aliyekuwa na maji kifuani wiki iliyotangulia. Alikataa katakata kuvua rozari, akaachwa apigwe nayo.

Picha ikarudiwa, safari hii daktari kasimama mbele ya skrini. Pafu safi. Mbavu mbili zimepasuka.

Siku hiyo hiyo driver yangu nikaifuta. Sasa kadi inaandika kwenye RAM ya kawaida isiyo ya faili, halafu programu inanakili kwenye faili jipya kwa njia ambayo kernel inaiona. Ni polepole kidogo. Wanaolalamika wanalalamika.

Funzo: ukipin ukurasa wa faili, file system haiwezi kulinda kitu ambacho haijaambiwa kimebadilika. Na mtu anayetumia mashine kila siku akikwambia ameona tofauti, msikilize kabla hujafungua mdomo.

Daktari na Skola niliwaeleza kila kitu. Ila mzee alipovaa shati alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwamba nimemwokoa. Nikaitikia, "Asante mzee," bila kumwambia kwamba kosa lilikuwa langu.

Mngekuwa nyie mngemwambia? Karibuni, hata wa kunitukana.