Siku Niliyojitangaza Kitukuu wa Mwairishi

Kile kigelegele cha Shangazi Tekla nakisikia mpaka leo: kilianza vizuri, kikapanda juu kabisa, halafu kikakatika katikati kama redio iliyoishiwa betri. Kilikatika kwa sababu yangu, na kwa kuwa watu wa Mitwero bado wananiita Bibi Ayalandi nikienda kisimani, sioni faida ya kuficha, bora nisimulie mwenyewe kuliko msimuliwe na wanaoongeza chumvi.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa na darasa langu la saba, mwandiko mzuri na kazi ya kufuta vumbi ofisi ya parokia. (Kufuta vumbi tu, lakini nilishika ufunguo wa kabati la madaftari ya ubatizo, na mtu akishika ufunguo muda mrefu huanza kudhani aliyaandika yeye.) Wiki hiyo Padri alikuwa ameenda kuzungukia vigango, yale makanisa madogo ya mbali, ndipo akaja Mwalimu Nora, mama wa Kiairishi mwenye mvi aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam, anaongea Kiswahili safi kuliko chetu. Alibeba mkoba wa karatasi za baba yake mkubwa, Patrick Dolan, askari aliyeletwa Lindi na Waingereza wakati wa vita vya kwanza, akafa huku kwa homa. Cheti cha kuzaliwa kipo, cha ubatizo kipo, cha jeshi kipo, vyote vimekunjwa vizuri, asiyekuwepo ni mwenyewe tu.

"Baba yangu ni mgonjwa sana," akaniambia. "Huyu ni kaka yake. Anataka kujua kama kuna hata mtu mmoja huku aliyemwona. Nami Jumatatu naondoka."

Mtu mwenye akili angejibu, msubiri Padri, anarudi Jumapili. Mimi machozi yalishanilenga, nikasema, "Usiwe na wasiwasi Mwalimu, haya madaftari nayajua." Nikamwambia akapumzike, nikajifungia na daftari la miaka ya vita, nikapitisha kidole mstari kwa mstari, na siku ya pili nikamkuta! Patrick Dolan, wino mweusi, herufi za kulala. Na mstari aliokuwemo ulikuwa wa nani? Wa babu yangu. Babu Patrisi, mzaa baba, huyu huyu anayekohoa kila asubuhi uani kwetu.

Hapo ndipo elimu yangu ilipofanya kazi. Sehemu ya jina la baba kulikuwa na kistari tu, na jina la Mwairishi limekaa safu za mwisho kule. (Vichwa vya safu viliandikwa ukurasa wa kwanza, kwa Kilatini, nami sikuwa na haja navyo.) Nikaamua kwamba mapadri wa zamani walimficha baba wa mtoto huko pembeni kwa sababu ya aibu. Tarehe je? Cheti cha Patrick kilionyesha kazaliwa Jumanne, kabatizwa Alhamisi, nami nikaona basi hivyo ndivyo kubatizwa kulivyo, ukizaliwa tu unapelekwa. Nikahesabu kwa vidole kuanzia mwezi aliotia mguu Lindi mpaka tarehe ya ubatizo wa babu, nikapata miezi kumi. Miezi kumi! Tisa ya mimba, mmoja wa kufahamiana. Babu ni mweusi tititi, hilo nililiona, lakini nikasema damu ina mambo yake, nikajitazama kwenye kioo, na kweli pua yangu siku hiyo ilikuwa imechongoka.

Sikumwambia mtu. Nilitaka iwe zawadi. Kwa siku tatu nilifagia ofisi nikimwazia yule mgonjwa wa Ayalandi akisomewa barua kwamba kaka yake hakupotea, ameacha ukoo mzima Mitwero, na katika ukoo huo kuna binti mmoja mwenye mwandiko mzuri.

Jumapili, baada ya misa, watu wakiwa bado barazani pa kanisa, Mwalimu Nora kasimama na mkoba wake, Padri ndiyo kwanza anavua mavazi ndani, nikapanda ngazi ya juu. Nikatangaza kwamba baba mkubwa wa mgeni wetu amepatikana, kwamba alimzaa babu Patrisi miezi kumi baada ya kufika Lindi, ingawa daftari limeweka kistari mahali pa baba, na kwamba mimi Skolastika ni kitukuu wake. Halafu (Mungu anisamehe) nikamfungulia Mwalimu Nora mikono nikasema, "Karibu nyumbani, Bibi yangu!"

Shangazi Tekla, ambaye kazi yake ni kupiga vigelegele, akapiga. Kisha akaelewa nilichosema kuhusu mama yake babu, yaani bibi yake mwenyewe, na askari. Ndipo kikakatika.

"Skola, shuka hapo," mama akasema, polepole, ile sauti ambayo afadhali makelele.

Balozi wa nyumba kumi akainua mkono. "Samahani, Bibi Ayalandi. Kesho shamba la kijiji utakuja, au jua la huku litakuunguza?"

Watu wakaangua kicheko, hata kwaya. Babu hakucheka. Alikuja mpaka mbele yangu, akavua kofia.

"Mjukuu wangu, mimi kubatizwa nilikwenda kwa miguu yangu. Meno ya mbele nilikuwa nimeshang'oa. Na kuku wa Padri nilimbeba mimi, akaninyea."

Miezi yangu kumi ikaanguka pale pale ngazini.

"Huyo Patriki ni baba yangu wa ubatizo," akaendelea. "Wanaume wa hapa walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya vita, hakukuwa na wa kunisimamia, Padri akamwita askari aliyekuja kusali. Jina lake ndilo nililopewa. Baba yangu mimi alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa. Alikuwa na jina, Skola. Si kistari."

Nilitamani baraza ipasuke. Lakini Mwalimu Nora alikuwa ameshamshika babu mkono, mkoba umeanguka, karatasi zinapeperuka na hakuna aliyeziokota.

"Ulimwona? Wewe mwenyewe?"

"Nilimwona, mama. Aliniwekea mkono begani kama ilivyo desturi, ila ulikuwa wa moto na mzito, homa ilishamshika, akaniegemea mpaka misa ikaisha. Nilikaza miguu asianguke. Baada ya siku chache tukasikia kafariki."

Mwalimu Nora akauliza bega gani. La kulia, babu akasema. Mwalimu akaweka mkono wake pale pale akalia, na mimi, niliyeharibu kila kitu, nikalia kuwashinda wote wawili, mpaka mama akanivuta kanga niondoke.

Tangu siku hiyo nimeapa kutomtafutia mtu babu kabla sijamuuliza wangu. Jumatatu, Mwalimu Nora alipokwisha kuondoka, nilimuuliza babu jina la baba yake, akaniambia bila kunung'unika. Nikaenda ofisini peke yangu, nikachana karatasi ya daftari langu, nikaandika kwa ule mwandiko wangu mzuri: *Baba: Chilumba, mkulima wa Mitwero, alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, hakurudi.* Nikaichomeka kwenye ukurasa wa babu, nikafunga kabati.