Shangazi Hakuamini Hiari ya Mtu

Shangazi yangu alikuwa mpiga taipu, na hakuwahi kumwamini mtu aliyesema anafanya jambo kwa hiari yake. Chumba chake kilitazamana na ofisi za serikali: meza, taipureta yenye R iliyokwama kila mara, na kigoda. Aliyekuja kuchapiwa barua na kuweka sahihi alikaa kigodani peke yake. Waliomsindikiza, awe mume au mama mkwe, walingoja nje na mlango ukafungwa. Wakinuna, shauri yao.

Alisema wasiotaka wako wa aina nyingi. Yupo wa shingo upande, yupo wa kujikongoja, yupo anayeitikia huku roho imebaki nyumbani. Wa kuogopwa kuliko wote, alisema, ni anayecheka.

Siku moja kaka yangu akanipeleka kwa shangazi. Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Wifi alikuwa amepata kazi, na watoto wao watatu walihitaji mtu wa kubaki nao. Mimi nalala kwa kaka, nala kwa kaka, basi mtu huyo ni mimi. Njia nzima alikuwa mpole, akaninunulia na soda. Kaka yangu huyu, soda! Hapo nikajua nimekwisha.

Shangazi alimtoa nje kama wengine. Akaniuliza kama naacha chuo kwa hiari yangu, nikasema ndiyo. Akauliza nikikataa itakuwaje. Nikacheka, nikamwambia kaka amesema nisipoacha nitafute pa kulala.

Hakunitetea hata kidogo. Alichapa barua, uso mkavu, na hapo nikamshuku hata yeye. Nilihisi kaka alishamwona jana yake, wakayamaliza. Nilitia sahihi macho yamejaa machozi, sikusoma neno. Kaka naye akaingia, akatia yake ya ushahidi mbiombio. Barua za shangazi nani alizikagua? Hazikuwa na kosa miaka yote.

Tukaenda moja kwa moja kwa mkuu wa chuo, mama wa miwani minene asiye na mchezo. Alisoma, akamtazama kaka, akasoma tena, safari hii kwa sauti:

"Naacha mafunzo kwa shingo upande. Kaka yangu amesema nisipoacha nitafute pa kulala. Naye anashuhudia hapa chini."

Kaka akadai shangazi amezeeka, anachanganya mambo. Yule mama akamgeuzia karatasi, akaweka kidole kwenye sahihi yake. Kisha akanigeukia.

"Binti, haya maneno ni yako?"

Kaka alikuwa ananitazama, na nilijua maana ya jicho lile. Nikisema si yangu, chuo kimekwenda. Nikisema ni yangu, leo silali kwake.

"Ni yangu," nikasema.

Jioni nilibisha hodi kwa shangazi na sanduku langu. Godoro lilishatandikwa kando ya ukuta, upande wa taipureta. Nikamwambia ukweli, kwamba nilimdhania amekula njama na kaka. Akasema nilifanya vizuri kumshuku. Nikamwuliza alijuaje kwamba sitaki, na mimi nilisema ndiyo.

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Babu yako alitaka niache ualimu," akasema. "Barua ya kuacha niliichapa mwenyewe, mwanangu. Kwa hiari yangu, nikaandika. Nami nilicheka hivyohivyo."